Mtoto anakohoa usiku: asali, maji ya chumvi, na kwa nini kimeo kiachwe

Swali: Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane, tunaishi Makambako. Leo ni siku ya tano ana mafua na kikohozi. Mchana anacheza na kula vizuri, lakini usiku akishalala kama nusu saa anaanza kukohoa mpaka anatapika maziwa. Homa hana. Dukani wamenipa dawa ya kikohozi ya maji, ila sijampa kwa sababu kwenye boksi wameandika kuanzia miaka miwili. Mama mkwe anasema nimpe asali na tangawizi, nimpake dawa ya kuchua kifuani, na isipopoa tumpeleke akakatwe kimeo. Baridi ni kali, tunalala na jiko la mkaa chumbani. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana mama kwa kukesha. Mtoto aliye siku ya tano ya mafua, asiye na homa, anayekula na kucheza mchana halafu akasumbuka usiku, mara nyingi ana mafua ya kawaida ya virusi ambayo huondoka yenyewe. Na umefanya vizuri sana kusoma boksi kabla ya kufungua chupa. Nitakueleza cha kumfanyia leo usiku, pamoja na vipimo, na nitayajibu yote aliyoshauri bibi yake. Ila kabla ya kufika kwenye asali kuna jambo kubwa kuliko kikohozi chenyewe, nalo ni jiko.

Litoeni chumbani usiku huu huu. Mkaa unapowaka, hata ukiwa umebaki makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, kwa hiyo aliyelala haishtukii. Hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na mtu hupitiliza kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu. Mtoto mdogo hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, basi naye huivuta haraka zaidi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi, na kuliwasha nje likishika vizuri ndipo mliingize ndani hakuondoi hatari. Mkiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu ambavyo vinapungua mkitoka nje, hiyo ni dalili kwamba mmeivuta. Tokeni wote na muende hospitali.

Mpasheni mtoto joto kwa njia nyingine. Mvalishe nguo mbili au tatu nyepesi badala ya moja nzito, soksi, na alale karibu na mama. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo inaweza kupasha godoro kwa robo saa, kisha itolewe kabla mtoto hajapanda kitandani. Jiko likishatoka, na kikohozi huwa kinapungua kiasi, maana moshi wa mkaa, wa kuni, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuchoma na hata wa ubani huwasha njia ya hewa ambayo tayari imevimba. Ni kawaida kwa kikohozi kilichogoma kwa wiki nzima kulegea moshi ukiondolewa, bila dawa yoyote.

Jambo la pili ni kuhesabu pumzi zake. Hiki ndicho kipimo wanachokitumia wahudumu kwenye zahanati, na mzazi anakiweza kabisa. Subiri alale au atulie. Anayelia, au aliyetoka tu kukohoa au kunyonya, hahesabiwi, kwani pumzi zake zimeshapanda. Fungua nguo mpaka tumbo na kifua vionekane, weka simu ihesabu dakika moja kamili, kisha hesabu kila mara kifua kinapopanda. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja, wanaharakisha halafu wanapunguza, na robo dakika itakudanganya. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, na mwenye kikohozi anayepumua hivyo huchukuliwa kuwa na dalili ya nimonia mpaka mhudumu amwone. Kwa wa miezi 2 hadi 11 kikomo ni 50. Kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60, na mchanga kama huyo kikohozi chake hakitibiwi nyumbani kabisa.

Ukimaliza kuhesabu, tazama sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta pumzi, hapo hutanuka pamoja na tumbo. Ikiwa panabonyea kuingia ndani kila anapovuta, hiyo ni hatari. Kama pua imeziba, isafishe kwanza halafu utazame tena, kwa sababu pua iliyoziba peke yake inaweza kumfanya mtoto avute kwa nguvu. Ukipata pumzi 40 na kuendelea mara mbili akiwa ametulia, au kifua kikiendelea kubonyea, mpeleke kituo cha afya. Usisubiri kuona kama asali itasaidia.

Tuseme umehesabu 30 na kifua kimetulia. Sasa tuje kwenye kikohozi.

Mtoto wa umri huu hajui kupenga. Mchana anasimama na kukimbia, kamasi inashuka puani, unamfuta, nyingine anaimeza. Akilala chali, ileile inatiririka nyuma ya pua hadi kooni, inagusa pale penye kuamsha kikohozi, naye anakohoa ili isiingie kwenye mapafu. Juu ya hayo pua ikiziba analala mdomo wazi, hewa baridi inapita moja kwa moja, koo linakauka na kuwasha. Kwa hiyo kwa mtoto wako shida kubwa ya usiku iko puani, na kifua kinafanya kazi yake ya kujilinda. Watu wengi huhangaika na kifua wakaiacha pua, kisha wanashangaa dawa haifanyi kazi. Mimi ningeanza na pua.

Chemsha maji nusu lita, yaache yatokote dakika chache, yapoe yakiwa yamefunikwa. Weka chumvi ya mezani kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, si cha kurundika. Koroga hadi iyeyuke yote. Ukionja, chumvi yake iwe kama ya machozi. Ikizidi itamchoma, na ukimchoma mara moja hatakubali tena kuguswa pua wiki nzima. Ikipungua sana, maji matupu nayo huwasha puani. Yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko na uyamwage baada ya siku moja, kesho utengeneze mengine. Kama hutaki kuchanganya mwenyewe, famasi wanauza matone ya maji ya chumvi ya puani yaliyo tayari.

Mlaze chali mapajani kwako, kichwa kikiinama nyuma kidogo. Kwa dropa au sirinji isiyo na sindano, weka matone mawili au matatu katika tundu moja. Msubiri kama dakika moja ili kamasi ilainike. Wengi huikosa hatua hii, wanaweka maji na kufuta papo hapo, na kamasi nzito inabaki palepale. Mkalishe, mfute kwa kitambaa laini au ivute kwa kipampu cha mpira. Kipampu kinaminywa kikiwa nje, ndipo kinaingizwa mdomoni tu mwa tundu, kisha kinaachiwa taratibu. Ukikiminya kikiwa ndani unaisukuma kamasi nyuma. Rudia tundu la pili. Fanya hivyo kabla ya kula na kabla ya kulala, kuvuta kwa kipampu kusizidi mara tatu au nne kwa siku, maana kuvuta kila saa huvimbisha ngozi ya ndani na pua inaziba zaidi. Usitie puani mafuta ya kula, samli wala mafuta ya kujipaka. Mafuta huteleza mpaka mapafuni bila mtoto kukohoa, na huko husababisha nimonia isiyosikia dawa za kawaida.

Kwenye asali, bibi yake yuko sahihi. Kati ya tiba zote za nyumbani za kikohozi, hii ndiyo iliyopimwa vizuri kuliko nyingine. Utafiti uliofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapa watoto wa mwaka 1 hadi 5 gramu 10 za asali nusu saa kabla ya kulala, na wengine wakapewa sharubati ya tende inayofanana nayo. Waliopewa asali walipungukiwa na kikohozi na kulala vizuri zaidi. Wale wa tende nao walipata nafuu, ila ndogo, jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya kazi ni ule utamu na uzito unaopaka koo na kuleta mate. Usitegemee maajabu basi: asali haiui virusi wala haifupishi mafua, inakupa usingizi.

Kipimo kwa mtoto wako ni nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5, na unaweza kufika kijiko kimoja cha mililita 5. Vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana, kwa hiyo nunua sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano na upimie hiyo. Mpe akiwa ameketi, taratibu, aachwe alambe, nusu saa kabla ya kulala. Akikataa ikiwa peke yake, ikoroge kwenye vijiko vichache vya maji ya uvuguvugu. Ukiichanganya kwenye kikombe kizima cha maziwa utaipoteza kazi yake ya kupaka koo, na hutajua amekunywa kiasi gani. Akiisha, mpe maji ya kunywa na umswaki. Asali inayolala kwenye meno ya mbele kila usiku huyatoboa kama sukari yoyote.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala: mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asionjeshwe asali, hata tone la kwenye ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye klostridiamu botulinamu. Tumbo la mkubwa huzimudu, la mchanga huziacha zikaota na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anapata choo kigumu, ananyonya kwa udhaifu, kilio kinafifia, kope zinaanguka, mwishowe misuli ya kupumua inachoka. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Wako ameshapita umri huo, lakini kama nyumbani au kwa jirani yupo mchanga, waambie na wao.

Utaulizwa pia habari ya asali ya nyuki wadogo, ambayo huuzwa ghali kwa sifa ya kutibu kifua. Ni asali nzuri, nyepesi na yenye uchachu, lakini ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchacha mapema. Ikitoa mapovu au harufu ya pombe usimpe mtoto. Kwa kazi hii, asali safi ya kawaida kutoka kwa muuzaji unayemwamini inatosha. Hofu yangu kubwa ni ile iliyochanganywa na sukari iliyoyeyushwa, na majaribio ya kuiwasha kibiriti au kuidondosha kwenye maji hayakuhakikishii kitu.

Tangawizi haina ushahidi wa namna hiyo. Haina pia ubaya ikiwa hafifu: kipande chembamba kimoja kilichochemshwa kwenye kikombe cha maji, kikachujwa, kikapoa hadi uvuguvugu, kisha vijiko vichache. Tatizo huja inapopondwa nyingi ikachemshwa mpaka inawaka. Koo lililovimba likichomwa linakohoa zaidi, na mtoto anakataa kunywa chochote. Limao ni vivyo hivyo, matone machache kwenye maji ya asali yanatosha. Kitunguu saumu kibichi usimpe atafune, na usikibandike kifuani wala nyayoni, kwani kinababua ngozi ya mtoto na kuacha malengelenge ya kuungua kweli. Mafuta ya taa hayanyweshwi, hata kijiko kimoja. Yakipaliwa yanaingia mapafuni na yanaweza kuua.

Vinywaji vya kawaida vina kazi kubwa kuliko hivyo vyote. Maji, supu nyepesi, uji mwepesi, vyote vya uvuguvugu, kidogo kidogo mchana kutwa, hulainisha kamasi isigande. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe kila anapotaka. Maziwa hayaongezi makohozi kama inavyosemwa, hivyo usimwachishe. Badilisha tu wakati wa kumpa.

Hapo ndipo penye kutapika kwake. Anakohoa kwa nguvu, tumbo limejaa maziwa aliyokunywa dakika ishirini zilizopita, misuli ya tumbo inabana na yanarudi pamoja na kamasi aliyoimeza. Kwa mtoto mwenye mafua hilo ni la kawaida, na kwa kweli wengi hulala vizuri baada yake. Mpe chakula mapema na asinywe chupa akiwa amelala. Jaribuni ratiba hii: chakula na maziwa saa 12 na nusu jioni, asali saa 1 na nusu, mswaki, maji ya chumvi puani saa 2 kasorobo, kitandani saa 2. Mito usimrundikie. Huteleza ikamkunja shingo, na njia ya hewa inakuwa finyu zaidi. Mtoto aliyezidi mwaka unaweza kumwinulia upande wa kichwani kwa kukunja blanketi chini ya godoro, ingawa wengi wanabingirika na kuamkia miguuni. Wa chini ya mwaka alale chali kwenye godoro lililo tambarare.

Akiamka anakohoa usiku wa manane, mkalishe wima kifuani kwako, mpe maji ya uvuguvugu kwa vijiko, rudia matone ya puani, na nusu kijiko kingine cha asali hakina neno. Dakika kumi za kubebwa wima kwa kawaida hufanya kazi kuliko chochote kilichoko kabatini.

Dawa ya kuchua yenye mentholi na kafuri ingoje. Hazitumiki kwa mtoto chini ya miaka 2, na wako ana miezi 20. Kafuri hupenya kwenye ngozi, na ikimezwa, hata kiasi kidogo, inaweza kuleta degedege kwa mtoto mdogo. Naye akipakwa kifuani hujishika kisha akaweka mikono mdomoni. Akifika miaka 2 unaweza kumpaka kidogo kifuani na mgongoni, kamwe si puani, mdomoni wala penye kidonda. Bibi akipenda kumkanda, amkande kwa mafuta ya nazi. Hayatibu kikohozi, ila mkono wa bibi humtuliza mtoto, na mtoto aliyetulia hukohoa kidogo kuliko anayelia. Mafuta ya mkaratusi yaliyokamuliwa yawekwe mbali naye kabisa, kwa kuwa ni sumu akiyanywa.

Kumfukiza kwa mvuke chini ya shuka nako acheni. Faida yake haijathibitika, na hasara yake iko wazi: sufuria la maji ya moto, mtoto anayerusha miguu, na shuka linalowazuia kuona. Kuungua kwa maji ya namna hiyo kunamweka mtoto wodini wiki kadhaa kwa sababu ya mafua ambayo yangekwisha.

Ile chupa ya dukani irudishe au ibaki imefungwa. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina klofeniramini inayoleta usingizi na kukausha kamasi mpaka inaganda, au dekstromethofani ya kuzima kikohozi, na nyingine huchanganya vitu vitatu au vinne kwa pamoja. Kwa watoto wadogo hazijaonyesha nafuu kuliko maji matamu, huku zikiweza kuleta mapigo ya moyo ya kasi, degedege na kupumua kwa shida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 zisitumike kwa walio chini ya miaka 2. Uingereza mwaka 2009 ikasema chini ya miaka 6. Zenye kodeini hazifai kabisa kwa watoto wa chini ya miaka 12. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, zikiwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo. Kwa hiyo dawa yoyote ya maji ya mtoto inunuliwe famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, iwe na lebo na tarehe. Amoksisilini iliyobaki ya mwaka jana usimpe, haigusi virusi. Na kwa kuwa hana homa, parasetamoli haina kazi kwake. Ikipanda, kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 11 kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5 anapata mililita 5. Homa yenyewe, hata kama kikohozi kipo, impeleke kupimwa malaria.

Sasa kimeo. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana kati ya yote uliyoniandikia, baada ya jiko, hili ndilo linaloweza kumuua mtoto.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila binadamu anacho. Tukimeza, hunyanyuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua ili chakula kisipande huko, na husaidia pia katika matamshi. Mtoto mwenye mafua akifunguliwa kinywa, kimeo kitaonekana chekundu na kirefu, kwa sababu koo zima limevimba. Uvimbe ukiisha nacho hurudi. Hakikui mpaka kikagusa koo na kuleta kikohozi kama mkataji anavyoeleza.

Kwa nini basi wazee wetu waaminifu wanaapa kwamba kinaponya? Tazama siku. Mtoto mdogo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na kikohozi cha kila mafua huchukua wiki moja hadi mbili, mara nyingine tatu. Familia haiendi kwa mkataji siku ya pili. Inavumilia, inajaribu hili na lile, inachoka, inakwenda siku ya kumi. Siku ya kumi na tatu kikohozi kinakwisha, kama ambavyo kingekwisha, na sifa anapewa mkataji. Mafua mengine yakija baada ya miezi miwili wanaambiwa kimeo kimeota tena.

Kinachofuata baada ya kukatwa kimeo ndicho kinachowaleta watoto hospitali: damu inayovuja ikimezwa kimyakimya hadi mtoto anapauka na kulegea, damu inayopaliwa na kuziba hewa, usaha unaoenea shingoni, pepopunda, maambukizi ya VVU na homa ya ini kwa kifaa kilichopita vinywani mwa wengi. Kaakaa likikatwa pamoja nacho, chakula na sauti vinapitia puani maisha yote. Na kama kikohozi kilikuwa nimonia tangu mwanzo, siku zilizopotea kwa mkataji ndizo alizohitaji dawa. Ikitokea mtoto yeyote ameshakatwa, mwangalie akimeza mara kwa mara, akitema au kutapika damu, akipauka, akikataa kunywa au akipata homa. Mpeleke hospitali haraka, na mweleze daktari ukweli wote bila aibu. Hakuna atakayewatibu vizuri bila kujua.

Mama mkwe msibishane mbele za watu. Mwambie asali yake imekubaliwa na umkabidhi kazi hiyo: kupima kwenye sirinji na kumpa mjukuu saa 1 na nusu kila jioni. Mwombe mfikishe siku 14 kabla ya kuzungumzia kimeo. Kikohozi kikigoma mpaka hapo, nendeni naye kliniki asikie mwenyewe kwa mhudumu.

Siku hizo 14 zina sababu nyingine. Kikohozi kinachopita wiki mbili kinatakiwa kuchunguzwa, hata mtoto akiwa anacheza, kwa ajili ya kifua kikuu na pumu. Mhudumu atataka kujua kama nyumbani yupo mtu mzima anayekohoa muda mrefu au anayetumia dawa za TB, na kama uzito kwenye kadi umesimama au kushuka. Pumu inajitambulisha kwa kikohozi cha usiku kinachorudi kila mara bila mafua, au akicheka na kukimbia, pamoja na sauti kama filimbi anapotoa pumzi. Kikohozi cha mfululizo kinachomfanya awe mwekundu au wa bluu, kikamalizika kwa kuvuta hewa kwa mlio mrefu na kutapika, huenda ni kifaduro. Angalia kwenye kadi kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Kikohozi kilichoanza ghafla mchana akila karanga au akichezea mahindi na maharage kinahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kikitulia, maana punje inaweza kuwa imekaa kwenye bomba la hewa.

Akiamka usiku na kikohozi kinachobweka, sauti imekauka, mbebe wima, umtulize asilie, usimchungulie koo kwa kijiko. Ikiwa anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi hata akiwa ametulia, ondokeni usiku huohuo. Vivyo hivyo akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akibadilika rangi midomoni, au kifua kikibonyea.

Mkienda, beba kadi ya kliniki, chupa ya dawa yoyote aliyopewa ikiwa na boksi lake, na karatasi uliyoandika: siku kikohozi kilipoanza, pumzi kwa dakika na saa uliyohesabu, amekunywa nini leo, amekojoa mara ngapi, na kama chumbani kulikuwa na jiko.